Baraka Iliyocheleweshwa

Katika kanisa la shemeji yangu mhubiri, hakuna atokaye kabla ya baraka ya mwisho. Si sheria iliyoandikwa. Ni hofu iliyorithiwa, nayo hudumu kuliko sheria. Hata waliosinzia tangu somo la kwanza huamka kuipokea. Mimi siamini baraka wala laana, lakini vipaza sauti vya pale ni vya karakana yangu, hivyo kila Jumapili huketi kando ya nguzo nikivichunga.

Utaratibu mwingine ni wa kapu. Aliyeombewa akajiona amepona huweka dawa zake kapuni mbele ya madhabahu, na watu humpigia makofi. Mwenyekiti wa baraza la wazee ndiye aliyelileta, na hulipenda kuliko kinanda.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya mama mdogo, fundi cherehani, aliyenilea mimi na dada yangu, mke wa mhubiri. Aliombewa Jumatano, na tangu hapo hakujidunga sindano yake ya sukari. Alikuja na chupa kubwa ya maji, akaimaliza kabla ya mahubiri, akaomba ya jirani.

Kabla ya ibada, nikiwa nafunga nyaya katika chumba cha mavazi, nilimsikia mwenyekiti akimwambia shemeji:

"Mchungaji, kazi yako ni kuombea na kubariki. Mengine waachie wenyewe."

"Kazi yangu ni kuchunga, mzee. Anayengoja kondoo wafe ni mchuna ngozi."

"Ukiliaibisha baraza leo, utaacha funguo za nyumba ya kanisa."

Wakati ulipofika, mama mdogo alikwenda mbele, akaweka kapuni kichupa cha dawa pamoja na sindano zake. Makofi yakapigwa. Shemeji akangoja yatulie, akashuka, akakitoa kichupa.

"Mama, hiki ni chako."

"Kilikuwa changu, mwanangu. Nimepona."

"Nani kakupima?"

"Imani haipimwi."

"Sukari inapimwa. Chukua."

Mama mdogo akaficha mikono nyuma. Kurudishiwa mbele ya watu kitu kilichokwisha kupigiwa makofi kulimuuma kuliko sindano yoyote.

Shemeji akapanda mimbarini na kichupa mkononi. "Leo sitoi baraka mpaka mama huyu achukue dawa yake."

Watu walidhani ni sehemu ya mahubiri, wakaitikia amina.

Walipotambua sivyo, mwenyekiti alinipungia mkono nikate sauti. Nikaipandisha kidogo. Akasimama, akainua mikono, akaitamka baraka mwenyewe, yote, bila kosa. Hakuna aliyenyanyuka.

"Keti, mzee," alisema mama mwenye duka la dawa. "Hiyo ya kwako haifungui mlango. Na vidonge vyako vya presha mbona havimo kapuni? Juzi tu umevinunua kwangu."

Benchi la nyuma likacheka, kisha likakumbuka lilipo.

Tukakaa. Watoto wakaanza kulia.

"Fundi, chukua basi," sauti ya mama mmoja ikasihi. "Nimeacha sufuria motoni."

"Si ungeizima?"

"Ningejua kama leo tunalala huku?"

Mama mdogo akamkazia macho shemeji. Alipokasirika hakumwita mwanangu. "Umenidhalilisha, mkwe."

"Nimekudhalilisha, mama. Uje unisute ukiwa hai."

Alimfuata, akakinyakua kichupa kama anayenyang'anya. "Haya. Bariki watu waende."

"Ujipime na kujidunga kwanza."

Mwenye duka la dawa akachukua sindano kapuni na kipima sukari mkobani mwake, akamwongoza hadi chumba cha mavazi. Walipokuwa huko, waumini wengine walilijia kapu mmoja mmoja kuchukua dawa zao, bila makofi. Mzee mmoja aliitafuta humo miwani yake, akashindwa kuiona.

Mama mdogo akarudi akishusha mkono wa gauni, akaketi bila kumtazama mtu. Ndipo shemeji alipobariki, kwa sauti ile ile ya kila Jumapili.

Mwenyekiti akamfuata mimbarini, kiganja wazi. "Funguo."

"Nilikabidhiwa na waumini, mzee. Hawa hapa. Ziombe kwao."

Baraka ilikwisha kutolewa. Kila mtu alikuwa huru kwenda, hata mwenye sufuria. Hakuna aliyetoka. Walimtazama mwenyekiti, wakingoja aziombe funguo kwao, na mimi nilikuwa bado sijazima vipaza sauti.