Kofia Nyekundu, Kofia Nyeupe

Saa tisa na dakika hamsini na mbili alasiri, Jumamosi ya pili ya Novemba, Wade Vrieze alikuwa amelala kifudifudi yadi sita kutoka mstari wa goli, mpira chini ya kifua chake, watu wawili wa Ransome juu ya mgongo wake. Ubao ulionyesha Ransome 20, Haldane 16. Saa ya uwanja ilikuwa imefika sifuri.

Mbinu ya mwisho ya mchezo ilikuwa imeanzia yadi ya tatu kutoka mstari huo. Maana yake ni kwamba Vrieze, mrusha mpira wetu, alirudi nyuma yadi tatu, hakurusha, hakumpa mtu mpira, akaangushwa. Kazi yangu katika Chuo cha Haldane ni kupiga na kuchambua picha za timu ya futiboli ya Kimarekani. Nilikuwa juu ya mnara wa kamera na sikuelewa nilichokiona. Upande wa kushoto wa ukuta wetu, wale wazito wanaosimama mbele ya mrushaji, ulisonga mbele, kama watu wanaomfungulia mkimbiaji njia. Upande wa kulia ulirudi nyuma, kama watu wanaomlinda mrushaji. Mkimbiaji alikwenda kulia. Vrieze alinyoosha mkono kushoto, ambako hapakuwa na mtu.

Ransome walikuja upande wetu kuchukua kiti. Ni kiti cha chuma cha trekta, nusu buluu, nusu njano; mshindi hukaa nacho mwaka mzima. Hawakuwa na cha kuchukua. Kiti kilikuwa kwao tayari, mwaka wa tisa huu, na walikuwa wamekuja nacho wenyewe. Walikizungusha mbele ya jukwaa letu, wakaondoka nacho.

Kocha Hallberg ana kanuni: mechi iliyopita huzungumzwa kwa saa ishirini na nne, kisha hufungwa. Kulia, kulaumu, kujitetea, mwisho ni Jumapili alasiri. Kwa miaka sita niliyokaa hapo sijaona kanuni hiyo ikivunjwa. Juma hilo ilivunjwa Jumatatu mchana, kwenye bwalo, juu ya mabakuli ya maharage ya nyama na mikate ya mdalasini.

"Wade, kaka, ulikuwa unamsubiri nani pale?" aliuliza Dirk Kolb, anayecheza kushoto kwenye ukuta. "Basi la shule?"

"Nilikuwa nasubiri wewe uache kukimbia mbele kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba."

"Mimi nilifuata ishara."

"Ya nani?"

"Ya kofia nyekundu. Ya nani tena?"

Lyle Bascom, wa upande wa kulia, aliweka kijiko chini. "Nyekundu? Umelewa wewe? Wa kweli alikuwa nyeupe."

"Nyeupe wapi! Zamu ilishahama."

"Ilihama lini?"

"Saa ilipozimika, bwana!"

"Saa ikizimika ndiyo nini? Umeme ukikatika kwenu unabadilisha mke?"

Meza ilicheka, Kolb naye akacheka. Vrieze hakucheka. Alikuwa akiwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na mkate wake ulikuwa haujaguswa.

Ishara zetu hutolewa hivi. Kocha hutaja mbinu kwa redio ya masikioni. Pembeni mwa uwanja husimama watu wawili, mmoja ana kofia nyekundu, mwingine nyeupe, na wote wawili hupunga mikono. Mmoja hutoa mbinu ya kweli. Mwingine hutoa uongo, ili wapinzani wanaoiba ishara waibe upuuzi. Robo ya kwanza na ya tatu wa kweli ni nyekundu. Robo ya pili na ya nne ni nyeupe. Baada ya mapumziko, hubadilishana; kwa kawaida mapumziko hayo ni timu kuomba muda mchezo usimame. Nyekundu huvaliwa na Cal Ostrander, mrusha mpira wa akiba. Nyeupe huvaliwa na Pruitt, wa tatu katika nafasi hiyohiyo.

Zikiwa zimebaki sekunde tisa dhidi ya Ransome, saa ya uwanja ilizimika yenyewe. Waamuzi walisimamisha mchezo kwa dakika nne. Hallberg aliwaita wachezaji wake pembeni, wakanywa maji, akaongea nao. Hakuna timu iliyoomba muda.

Jumatatu jioni Hallberg aliniita ofisini.

"Dressler, Jumatano saa sita nataka kujua nani alikosea. Kama ni Wade, Ostrander ndiye anaanza Jumamosi."

"Sawa, kocha."

"Usiniletee hisia."

"Sina."

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Vrieze alikuwa mwaka wa nne. Mechi ya Jumamosi dhidi ya Pardee ilikuwa ya mwisho ya msimu, na kwake ya mwisho kabisa. Hakuna klabu duniani iliyokuwa ikimsubiri. Baada ya hapo angekwenda kufundisha hesabu shule ya kati. Nililijua hilo, na sikuliandika popote, kwa kuwa halikuhusu swali.

Jumanne niliwaita wachezaji kumi na mmoja waliokuwa uwanjani, mmoja mmoja, nikampa kila mmoja karatasi yenye swali moja: baada ya saa kuzimika, kofia ipi ilikuwa ya kweli? Watano waliandika nyekundu. Watano waliandika nyeupe. Wote kumi waliandika haraka, na wanne kati yao walipiga mstari chini ya jibu.

Vrieze alikaa na kalamu dakika tatu. Aliandika: "Sijui. Niliona zote mbili. Nilichagua nyekundu, halafu nikabadili."

"Unajua karatasi hii inakwenda kwa kocha," nilimwambia.

"Najua."

"Ungeweza kuandika nyeupe. Nusu ya timu imeandika hivyo."

"Profesa," alisema, maana ndivyo wanavyoniita wakitaka kunikera, "unaniuliza au unanifundisha?"

Nikachukua karatasi.

Kamera yangu ya mnara haifiki pembeni mwa uwanja. Lakini mama yake Kolb hupiga picha za video kila mechi kwa simu, na huwa anapiga pembeni zaidi kuliko uwanjani, kwa sababu huko ndiko mwanawe hukaa akipumzika. Alinitumia dakika kumi na moja. Ndani yake kofia zote mbili zinaonekana vizuri. Nyekundu anapunga mbinu ya kukimbiza mpira kushoto. Nyeupe anapunga pasi ndefu ya kulia. Nikachukua karatasi ya kocha ya siku ile, ambamo msaidizi wake huandika kila mbinu inapotajwa. Mbinu ya mwisho: pasi fupi, katikati.

Nilitazama video hiyo mara tisa. Kisha nikawaita Ostrander na Pruitt pamoja.

"Cal, ile ishara ya mwisho ulitoa ipi?"

"Ya uongo. Robo ya nne ni nyeupe."

"Na mchezo uliposimama?"

"Sisi tuliomba muda? Hatukuomba. Saa iliharibika. Zamu haihami kwa saa mbovu."

Pruitt alimgeukia polepole. "Ngoja. Ulitoa uongo?"

"Eeh. Wewe si ndiye ulikuwa wa kweli?"

"Mimi nilitoa uongo!"

"Kwa nini?"

"Kocha alituita pembeni, tukanywa maji, akahutubia. Hayo kama si mapumziko ni nini, ibada? Nilijua zamu imekwenda kwako!"

Walitazamana. Ostrander alivua kofia, akaangalia ndani yake kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea humo.

"Kwa hiyo ya kweli alitoa nani?" aliuliza.

Nilimsogezea karatasi ya kocha iliyokuwa mezani. Hakuna.

Jumatano saa sita kamili nilikuwa mbele ya Hallberg. Alisoma ukurasa wangu mmoja mara mbili.

"Nani alikosea?"

"Mbinu yako haikufika uwanjani, kocha. Hakuna aliyeituma. Kanuni inasema 'baada ya mapumziko'. Haisemi yaliyoombwa na nani, wala kwa sababu gani."

Hakuuliza nani aliandika kanuni. Ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, kwa mwandiko wake, ndani ya fremu.

"Na Wade?"

"Hajui. Ameandika kwamba hajui."

"Mrusha mpira asiyejua," alisema.

"Wengine kumi walijua, kocha. Watano kati yao walikosea, na siwezi kukuambia ni watano gani."

Alikunja ukurasa mara nne, akautia mfukoni. "Kofia tumemaliza nazo. Mbinu zitapelekwa na wachezaji wenyewe, kwa mdomo. Asante, Dressler." Sikujua kama nimemsaidia Vrieze au nimemzika.

Alhamisi asubuhi orodha ya wachezaji ilibandikwa mlangoni. Kila nafasi ilikuwa na jina moja, isipokuwa moja. Hapo paliandikwa: Vrieze au Ostrander.

"Sasa anaanza nani?" aliuliza Bascom.

"Au," alisema Kolb. "Kijana mpya. Ametoka Nebraska, ana mkono kama manati."

Makocha wengi huandika hivyo ili mpinzani asijue ajiandae dhidi ya nani. Lakini waliosoma ile ya kwetu, Vrieze na Ostrander wakiwamo, hawakujua pia. Siku hiyo na kesho yake walifanya mazoezi kwa zamu sawa. Nilihesabu kwenye picha, ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Ijumaa Ostrander alimuuliza Vrieze mbele yangu, "Mzee, amekwambia lolote?"

"Hapana. Wewe?"

"Hapana. Naapa."

"Usiape. Nakuamini, na ndiyo inanichanganya zaidi."

Jumamosi saa saba mchana Pardee walianza kwa kutupigia mpira. Mshikaji wetu aliangushwa yadi ya ishirini na nne. Pembeni, Vrieze na Ostrander walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa Hallberg, helmeti kichwani. Safari hii nilikuwa nimeweka kamera ya pili, inatazama huko. Inaonyesha Hallberg akitazama uwanja, akisema neno moja. Nimewauliza watu wanne waliokuwa karibu, na wote wamesema neno lilikuwa "Nenda". Hakumtazama yeyote. Hakutaja jina.

Wote wawili wakaenda.

Ostrander alitangulia, kwa hatua kama mbili, kufika kwenye duara ambamo wachezaji hupewa mbinu. Vrieze alifika akiwa anakimbia bado, akapiga goti katikati ya duara, na kabla hajatulia akaanza kusema mbinu ya kwanza iliyopangwa. Kolb anasema alisema kwa sauti ya kawaida, kama mwalimu anayeita majina. Ostrander aliinama kusikiliza pamoja na wengine. Bascom akahesabu vichwa.

"Jamani," alisema, "tuko kumi na wawili."

Kitambaa cha njano cha mwamuzi kilikuwa kimeshaanguka. Adhabu, yadi tano.

Ostrander aliinuka. Baadaye nilimuuliza kwa nini yeye ndiye aliyetoka, wakati hakuna aliyemwambia. "Alikuwa ameshasema mbinu," alinijibu. "Na nilikuwa nimeshaielewa." Alirudi pembeni akikimbia hadi mbele ya Hallberg, akasimama, akisubiri kufokewa au kurudishwa. Hallberg alimtazama, akatazama uwanjani, akanyoosha mkono akachukua bilauri ya maji. Kama alikuwa amekusudia Vrieze, au Ostrander, au hakuwa ameamua, siwezi kuthibitisha. Nilimuuliza Jumapili. Aliniambia saa ishirini na nne zimekwisha, ingawa zilikuwa zimebaki mbili.

Vrieze aliendesha mbinu sitini na nne. Mbinu zote zililetwa kwa mdomo, na tatu zilifika vibaya. Moja kati ya hizo tatu ilileta alama sita. Alirusha pasi moja mikononi mwa Pardee. Tulikuwa nyuma 20 kwa 16 robo ya nne ilipoanza. Zikiwa zimebaki dakika mbili na sekunde tano, alimpa mkimbiaji mpira kushoto, Kolb akafungua njia, wakavuka mstari kwa alama sita, na teke la ziada la alama moja likaingia. Walinzi wetu wakawazuia Pardee, mpira ukarudi kwetu, na Pardee walikuwa wamemaliza nafasi zao za kuomba muda ili kusimamisha saa.

Saa tisa na dakika arobaini na nne alasiri, Vrieze alipokea mpira, akapiga goti moja chini, ndiyo njia ya kuacha saa iishe bila kuhatarisha mpira, akabaki hapo mpaka ilipofika sifuri. 23 kwa 20. Mwamuzi alinyoosha mkono kuomba mpira, naye akampa.