Toleo Lililosafishwa

...lakini bado, Cherehani alijiambia, wimbo bado haujafika pale, usimhukumu mtu kabla haujafika katikati, akazibana hedifoni masikioni kwa viganja viwili na kubaki amesimama mbele ya kaunta ya duka la santuri, mkoba wa vitambaa ukining'inia kiwikoni, santuri nyeusi ikizunguka mbele yake na gitaa la mdogo wake likimkata kichwani kama msumeno kwenye bati, ndiyo maana walimwita Msumeno, na hilo gitaa ni lenyewe, analijua kama anavyojua kikohozi chake, lakini hizi ngoma... hizi ngoma zina nini, zimenyooka mno, zimepigwa pasi, haziendi mbio zikamwacha mwenye gitaa nyuma akitukana, yeye alipozipiga alikuwa anakimbia, kila mtu alimwambia we mwanamke unakimbia, unakwenda wapi, na hapa hakuna anayekimbia, labda ni kule kusafisha, mdogo wake alisema mwenyewe, tunaisafisha tu, dada, alikuja asubuhi moja mama akiwa anakata kola za sare za shule, akakaa juu ya robota la vitambaa kama alivyokaa utotoni, miguu inaning'inia, mtu mzima na mvi zake kidevuni, akasema, dada, huwezi kuamini, kuna watu wanakesha wakitafuta kanda za bendi ambazo hata mtaani kwao hazikujulikana, muziki wetu uleule wa fujo, thrash ya chumbani, wanataka kuitoa upya kwenye santuri, na kanda ya kwanza kabisa unayo wewe, nipe nikaisafishe, ina vumbi, ina miungurumo, na yeye akampa, kwa mkono wake huu huu, alifungua kopo la vifungo alimoitunza miaka yote akaipangusa kwa pindo la gauni kabla ya kumkabidhi, kama mtu anavyompangusa mtoto pua kabla ya kumpeleka kwa wageni... "Hao ni watu wa chini kabisa, mama," muuza duka alikuwa anasema, sauti yake ikipenya pembeni ya hedifoni, mtu mwembamba mwenye fulana ya fuvu iliyofifia hadi fuvu lenyewe likawa kama linatabasamu, "hawakupigwa redioni hata siku moja! Bendi ya Tindikali! Albamu yao ni hii moja tu, *Kutu*, basi, wakapotea. Ukitaka wa kufanana nao ninao hapa Mafuvu Matatu, ninao Kiwanda cha Majivu, lakini hawa, aa, hawa ni baba lao. Unamchukulia kijana wako?" na yeye akatikisa kichwa, ndiyo, kijana wangu, na si uongo sana, si alimbeba mgongoni, si alimlalia njaa, si alimfundisha kufunga kamba za viatu na baadaye nyuzi za gitaa, na wimbo unasonga, "Taya la Chuma", ubeti wa kwanza umekwisha, sasa gitaa linapanda ngazi, linapanda, na pale juu ya ngazi ndipo palipo na lile shimo lenye sauti ya mama, Mungu wangu, acha liwepo, maana asubuhi hii mama alimsimamisha mlangoni akiwa na pini mdomoni, akasema, nenda kanisikilize kama nimo vizuri, wasije wakanifanya nisikike mzee, na wateja waliokuwa wanapimwa wakacheka, na mama akawaambia kama anavyomwambia kila anayekuja kupunguziwa suruali, mnacheka nini, mimi ni mwanamuziki, nimo kwenye kanda, neno moja tu lakini nimo... na alikuwemo kweli, si mama ndiye aliyebonyeza kitufe cha kurekodi siku ile, kwa kidole kilichotobolewa na sindano, wamepanga marobota ya vitambaa ukutani ili majirani wasije na marungu, cherehani mbili zimesukumwa kona na ngoma zimekaa mahali pake, na mama akisema, huo si wimbo, hayo ni mabati yanagombana, ila akabaki, akabaki amesimama mikono kiunoni, maana miguu ile ya binti yake kwenye ngoma aliifundisha yeye, mguu wa kulia kwenye cherehani hii na wa kushoto kwenye ile, mtoto anashona hewa mchana kutwa, tra-ta-ta-ta-ta, mama akisema huyu hashoni nguo, anashona barabara, na mdogo wake kusikia hivyo akapiga kelele, Cherehani! jina ndilo hilo! na jina likakaa, hakulitafuta, alishonewa, likamwenea, hadi leo hata wenye nyumba wanamwita hivyo, na siku ile ya kurekodi, katikati ya "Taya la Chuma", fimbo ya ngoma ikamponyoka kwa jasho, ikaruka, ikagonga mkasi ukutani, wote wakanyamaza, gitaa likakatika, na yeye badala ya kuomba radhi akacheka, kicheko cha mpumbavu kabisa, na mama kutoka nyuma ya kinasa sauti akafoka kama anayemfokea mtoto aliyeangusha kibuyu cha maji, "Okota!" na yeye akaokota, akaingia kwa hasira na aibu na furaha vyote kwa pamoja, na wimbo uliokuwa unatambaa ukanyanyuka ukawatoka wote mikononi, hawakurudia, wakauacha hivyo hivyo, na wale wachache waliopata nakala, kanda zilizonakiliwa moja moja kwa redio ya kaseti mbili, wakalipenda shimo lile kuliko wimbo, wakaja kwenye maonyesho yao ya kwenye maghala na karakana wakilisubiri, na likifika, ngoma zikinyamaza, watu wote kwa koo moja, Okota! na yeye anaingia... linapanda, sasa, gitaa limefika juu, sasa, mama, sasa hivi... kimya. Kimya kisafi. Kimya kilichofuliwa, kikaanuliwa, kikakunjwa. Hakuna fimbo, hakuna mkasi, hakuna mtu anayecheka, hakuna mama, na ngoma zikaingia kwa wakati wake kama karani anayefika kazini. "Hapo!" muuza duka akapiga kaunta, "hapo sasa! Umesikia alivyonyamaza? Yule Cherehani ni balaa." Nani? Hakujua kama amesema kwa sauti, lakini alikuwa amesema, maana muuza duka alimjibu, "Cherehani, mpiga ngoma wao, huyu hapa," akageuza jalada na kumwekea kidole, na pale kwenye kona kuna kibandiko chekundu, TOLEO LILILOSAFISHWA, na chini yake mdogo wake amekunja mikono, na kando ya mdogo wake mwanamume mwenye kipara na mikono iliyochorwa nyoka, na chini ya mwanamume huyo, kwa herufi zenye miiba, Cherehani, ngoma, "siku hizi wamerudi jukwaani, nimewaona juzijuzi, jamaa ana miguu huyo, nasikia jina alipewa kwa sababu ya miguu," na yeye akasema "Irudishe." "Nini, mama?" "Huo wimbo. Urudishe mwanzo." "Eeh! Umeanza kuipenda!" akacheka, akainua sindano, akaishusha, na gitaa likaanza tena kukata, na yeye bado yuko palepale, kaunta ileile, mkoba uleule, jukwaani, kumbe wanakwenda jukwaani, na yeye aliambiwa safari za mdogo wake ni za kwenda kutazama shamba, alimfungia hata chakula cha njiani, alimshonea shati, shati hili hapa kwenye picha, ametoka nalo, kola ni yake, vifungo ni vyake, mshono wa bega anaujua, mtu kavaa mkono wako na kando yake kasimamisha mtu aliyevaa jina lako, na alipouliza, kanda yangu iko wapi, mdogo wangu, akajibiwa, ilikatika mashineni, dada, samahani, ilikuwa imechoka, na yeye akamwonea huruma! akamwambia usijali, la muhimu kazi imetoka, akampa pole mtu aliyemzika... tunaisafisha tu, dada, tunaisafisha tu, na yeye hakuuliza uchafu ni upi, alidhani vumbi, alidhani miungurumo, kumbe uchafu ni mimi, uchafu ni mama na pini zake, labda hao wenye kampuni walimlazimisha, walimwambia huyu mwanamke anakimbia, hatuwezi kutoa santuri na mtu anayekimbia hivi, labda alibisha, labda alilia, labda amesahau tu, miaka ni mingi, mtu anasahau... ndiyo, amesahau, ukisahau husemwi, na karibu aishikilie hiyo, karibu aivae, ilikuwa inamkaa vizuri, ila gitaa likaanza kupanda ngazi na mwili wake ukajua kabla yake, kwamba shimo liko njiani, lipo, wameliacha, na kama wameliacha basi hakusahau, kipara huyu asingelijua peke yake, lazima mtu alikaa kando yake akamwambia hapa nyamaza, hapana, bado, ngoja kidogo, hapa kuna fimbo inaanguka, hapa kuna mtu anacheka, hapa mama anafoka, sasa ingia, na ili amfundishe hivyo lazima alikuwa anatusikia, kila walipojaribu alitusikia, alikicheka kile kicheko kimoyomoyo akakihesabia nafasi yake kisha akakitupa, hiyo si kusahau, kusahauliwa angevumilia, amesahauliwa na wengi na hakufa, hii ni kufumuliwa, na yeye ni fundi, anajua, ukifumua mshono uzi unatoka wote lakini matundu ya sindano hayatoki, unaweza kufua, unaweza kupiga pasi, ukiliinua vazi kwenye mwanga unayaona yamepangana, hapa palikuwa na mtu... na mama je, mama atauliza, atatoa pini mdomoni kwanza ndipo aulize, nimo? na jibu lilishaanza kujishona lenyewe, umo, mama, ila wamekupunguza sauti kidogo, umo kwa mbali, si ndivyo alivyofanya siku zote, kaptura ikichanika anaishona mama asijue, kioo cha jirani kikivunjwa ni paka, gitaa likichelewa ni mimi niliyekimbia, maisha yote anapita nyuma ya mdogo wake na sindano, na mdogo wake alijua, hapo ndipo penyewe, alipoketi juu ya robota akining'iniza miguu alijua kwamba hata hili nalo dada atalishona... "Utaichukua, mama? Zimebaki chache," na gitaa limefika juu ya ngazi, na yeye hakuichukua wala hakuiacha, alisimama, viganja masikioni, na kitu fulani ndani yake kiliweka sindano chini, taratibu, kama mtu anayemaliza kazi ya siku, hapana, hii sishoni, nitakwenda, nitasimama mlangoni mbele ya wateja na nitasema, wewe humo, mama, wala mimi simo, mwanao ametutoa, muulize yeye, mwanao ana mdomo, na ngoma zikanyamaza, kile kimya kisafi kikafunguka mbele yake kama mlango wa chumba chake mwenyewe, na mdomo wake ukafoka, kwa sauti ya mama kabisa, dukani, mchana kweupe, "Okota!" muuza duka akaruka kidogo, na kwenye hedifoni yule mwanamume mwenye jina lake akaingia, palepale, kwa adabu, kama mtu aliyetumwa, akaokota fimbo ambayo hakuiangusha yeye.