Mraba Ulioachwa Wazi

Lipu ilikuwa bado mbichi. Genowefa aliibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama, na hasira ikampanda.

"Nani kaziba hapa?"

Halina, mwenzake kwa miaka kumi na tisa katika kazi ya kupiga lipu, alikuwa amechuchumaa akiosha mwiko kwenye ndoo. "Mimi. Jana, ulipokwenda kwa daktari. Si kulikuwa na kidonda ukutani? Dhiraa nzima ya tofali tupu, tena mkabala na mlango! Nikasema, shoga yangu macho yamechoka, ngoja nimfichie aibu."

"Hicho hakikuwa kidonda."

"Kilikuwa nini basi, dirisha la mbinguni?"

Genowefa hakucheka. Alifungua mfuko wake wa kazi, akatoa tindo na nyundo.

Saa sita mchana nyumba hii ingefunguliwa rasmi kuwa Nyumba ya Utamaduni ya mji wa Rudzisko. Viti vilishapangwa, utepe ulishafungwa mlangoni. Kadi za mwaliko ziliandikwa "makazi ya kale ya tajiri mmoja wa mji wetu". Tajiri! Nuchim Waksman, mwenye nyumba hii, alikuwa mkata vioo. Alizunguka vijijini na vioo vimefungwa mgongoni, akiziba madirisha ya wakulima wa Kipolandi, akirudi na koti lenye viraka juu ya viraka. Alikula mkate na kitunguu ili anunue picha. Picha arobaini na moja zilijaa chumba hiki, na kila Jumapili, Wakristo wakitoka misa, Myahudi yule aliacha mlango wazi.

Genowefa, binti wa mfua nguo, aliingia akiwa na miaka saba, miguu imejaa tope. Waksman hakumwambia afute miguu. Alimwambia, "Simama mbele ya moja tu. Hesabu mpaka mia. Halafu ndiyo uniambie kama ni nzuri."

Aliamini jambo la ajabu, mzee yule: kwamba mtu aliyejifunza kutazama hawezi kuinua mkono kumpiga mwenzake. Aliamini hivyo mpaka vuli ile ya vita, Wajerumani walipowapanga Wayahudi wote barabarani, nusu nzima ya mji, wakawaswaga hadi stesheni. Hakurudi hata mmoja. Na kabla jua halijazama, majirani, walewale wa Jumapili, waliingia humu na mikokoteni. Walitazama, ndiyo. Walitazama picha ipi ingeenea kwenye ukuta wa kwao.

Kilichobaki ni ule mraba wa matofali bila lipu. Hakuna aliyeweza kuupakia mkokotenini.

"Mbona hapa hujamaliza?" Genowefa mdogo alikuwa amemuuliza Waksman.

"Nimemaliza, binti yangu. Sisi tunayo nyumba moja kubwa iliyobomolewa zamani sana, kule Yerusalemu. Mpaka ijengwe tena, kila mtu anaacha kipande cha ukuta wake bila lipu, mbele ya mlango, akiingia akione. Hiyo ndiyo picha yangu ya arobaini na mbili."

Nyundo ikagonga. Bonge la lipu likaanguka sakafuni, pwaa.

"Umepagawa!" Halina aliruka. "Mkurugenzi anakuja sasa hivi!"

Genowefa aligonga huku akimsimulia Halina habari za Waksman, na kila sentensi ilikuwa na pigo lake: vioo, Jumapili, stesheni, mikokoteni. Alipofika kwenye picha ya arobaini na mbili, Halina alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono mapajani.

"Ungeniambia, Genia," alisema Halina, akimwita kwa kifupi kama kawaida yake.

"Hukuniuliza."

"Ningeuliza nini? Miaka kumi na tisa tunagawana mkate na soseji, najua mpaka jino lako linalouma. Hili umelificha."

Hilo nalo lilimkereketa Genowefa, kwa kuwa lilikuwa kweli. Miaka arobaini na sita tangu vuli ile, mji mzima ulikuwa umefunga mdomo, na mdomo wake ulikuwa mmojawapo.

Mlango ulifunguliwa. Olbrych, mkurugenzi wa Nyumba ya Utamaduni, aliingia kwa suti ya kijivu, kitu kikubwa kimefungwa kwa shuka kwapani mwake.

"Yesu na Maria! Mama Genia, wageni wa mkoani wako darajani! Hii ni nini?"

"Ukuta, mkurugenzi."

"Ukuta gani una matofali nje? Watasema tumeshindwa kununua saruji! Bahati yenu nimekuja na cha kufunikia." Akafungua shuka. "Nimeitoa sebuleni kwangu. Naitundika hapohapo."

Ilikuwa picha ya farasi mweupe kando ya kisima, thelujini. Kabla macho yake hayajaifikia ndoo ya kisima kile, Genowefa alijua kwamba mshikio wake ulikuwa umevunjika. Alishawahi kumhesabia farasi yule mpaka mia.

"Imetoka wapi?"

"Ya babu yangu. Marehemu alipenda sana sanaa."

"Babu yako alikuwa mchinja nguruwe, na alipenda sana nguruwe. Igeuze."

"Mama Genia, heshima tafadhali."

"Igeuze!"

Aliigeuza. Nyuma, kwa wino wa buluu uliofifia, paliandikwa 17, na chini yake N. Waksman.

Olbrych aliyatazama maandishi kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya mahakama. "Mimi sikuwa hata nimezaliwa," alisema hatimaye.

"Sikuulizi ulikuwa wapi. Ilikuwa inakaa pale, kando ya dirisha. Tundu la msumari sikuliziba, liko palepale. Nakuuliza utaitundika wapi."

Nje, honi ya gari ililia. Milango ya gari ikafunguliwa, sauti za watu zikasikika, mmoja akicheka.

"Wageni wataniuliza huu mraba ni nini," alinong'ona Olbrych.

"Wewe ndiye mwenye hotuba."

Genowefa akamwekea nyundo mkononi, na msumari mmoja, kisha akampa mgongo. Alifuta vumbi la mwisho kwenye matofali kwa kiganja, akarudi nyuma hatua nne, pale alipokuwa akisimamishwa zamani. Halina aliinuka, akaja akasimama ubavuni kwake, mwiko bado unadondosha maji.

"Tunafanyaje?"

"Tunahesabu."

"Mpaka ngapi?"

"Mia."

Walianza kwa sauti ndogo. Kwenye ishirini na mbili ngazi za nje zilianza kulia chini ya viatu vya wageni. Kwenye thelathini mtu alishika kitasa. Nyuma yao mkurugenzi alikuwa bado amesimama katikati ya chumba, farasi kifuani, nyundo mkononi, akitazama mraba, kisha dirisha, kisha mraba.

"Thelathini na moja," alisema Halina.