Nyumba Juu ya Ukingo wa Tana

Mafuriko yalipowatoa Istahil na mumewe Keinan katika mtaa wa bondeni, Garissa, walikodi chumba cha mabati na kuapa kwamba safari hii watanunua mahali pa juu. Kwa hiyo mjomba wake Istahil, mzee Abdiwahid, aliposema anauza nyumba yake iliyo juu ya ukingo wa mto, Keinan alitaka wakubali siku ile ile. Istahil alisema ataikagua kwanza.

Alikwenda mchana, mjomba akiwa msikitini. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa na rangi mpya, lakini chini ya rangi aliona ufa uliozibwa kwa saruji, na saruji yenyewe ilishaanza kupasuka. Mlango wa chumba cha nyuma haukufungika. Nje, ardhi ilikuwa na mpasuko mrefu uliofuata ukingo, mtu angeweza kuingiza mkono.

Nimo, mke wa mjomba, alikuwa akimfuata nyuma. Mwishowe alimsogelea, akaelekeza kidole hewani, mbele ya ukingo.

"Jiko langu lilikuwa pale," alisema. "Mto unakula kutoka chini."

Mjomba aliporudi, Istahil alimwambia kwa heshima kwamba hawatainunua. Mzee hakukana. Alisema kila mwaka hupanga magunia ya mchanga kule chini, na kila mvua huyasomba.

"Sasa abti, mjomba wangu, utamwuzia nani?"

"Mtu asiyeuliza maswali kama wewe."

Mtu huyo alipatikana: mfugaji wa Hulugho mwenye watoto wadogo, aliyeuza ngamia wake ahamie mjini. Keinan alimsihi mkewe anyamaze, mjomba ni damu yake. Lakini moyo ulimkatalia Istahil. Alimfuata yule mtu kwenye soko la mifugo, akamweleza yote aliyoyaona.

Mfugaji akaacha kununua. Mjomba hakuja kugomba. Alituma tu ujumbe kwamba hana mpwa tena.

Hakuna mwingine aliyeitaka nyumba. Mvua za vuli zilipokolea, Nimo alikuwa akikunja mikeka asubuhi pale chumba cha nyuma kilipoporomoka naye. Majirani walimchimbua kwenye tope akiwa hai, nyonga imevunjika. Hajasimama tangu hapo.

Mjomba na Nimo hawakuwa na pa kwenda ila kile chumba cha mabati cha Istahil. Istahil aliwaachia kitanda, yeye na Keinan wakalala chini. Huwapikia, humwogesha Nimo, humpelekea mjomba chai ya maziwa, naye huipokea akiwa ameelekea ukutani.

Siku moja, mzee alipotoka kwenda kuswali, Istahil alimwuliza Nimo kama yeye alikosea kumwonya mfugaji.



"Wale watoto wangelala chumba kile cha nyuma," Nimo alisema. Kisha akaomba ageuzwe upande wa pili, maana nyonga ilikuwa inamuuma.