Mama Akagua Wazee

Asubuhi moja mwanamke mmoja, fundi cherehani, alitoka bafuni akamkuta mama yake amemkalisha mjukuu wake kitini, kamwambia afumbue kinywa, na kiganjani ana vidonge vyake mwenyewe vya presha. Viwili. Miaka thelathini na miwili ya uuguzi ilikuwa imebaki mikononi tu. Kichwani hata jina la binti yake halimo. Angechelewa kidogo, jamani, leo tungekuwa tunasimulia msiba.

Kaka yake, yule wa maneno mengi na msaada haba, akasema kwa simu kwamba mama apelekwe kwenye nyumba ya kulea wazee, basi, yaishe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wakaenda, mama na bintiye. Nyumba ilimeta. Mapazia yamepigwa pasi, sakafu unajiona uso, na kimya kabisa. Msimamizi, mwanamama wa tabasamu pana, akaeleza kwamba pale hakuna mzee anayetangatanga wala anayepiga kelele. Binti akashusha pumzi. Wazee kumi na wawili walikuwa vitini, wote wamesinzia, na ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Akajiambia wazee ndivyo walivyo. Mtu akitaka kudanganyika humwezi. Fomu ikaletwa, na kalamu.

Alipoinua macho, mama hayupo. Kumbe yuko kwa wale wazee, anawapitia kiti kwa kiti kama aliyeingia zamu. Akamshika mmoja kifundo cha mkono, akahesabu mapigo huku midomo ikichezacheza, akampandisha kope kwa kidole gumba. Akahamia kwa wa pili, kisha wa tatu. Msimamizi akacheka, akasema bibi bado anajiona kazini, halafu akamwita arudi upesi, na safari hii tabasamu halikuwepo.

Mama akarudi amenyooka mgongo. Akamtazama binti yake, wala hamjui.

"Dada, una mgonjwa unayetaka kumleta hapa?"

"Ninaye."

"Ni nani wako?"

"Mama yangu."

Mama akamwinamia sikioni. "Basi usimwache. Hawa hawakulala wenyewe, wamelazwa kwa dawa. Yule wa dirishani hata ukimchoma sindano hasikii."

Binti alimwogopa msimamizi aliyekuwa amesimama nyuma yao, akaogopa nyumbani na vile vidonge, akaogopa kesho, maana hakujua pengine pa kumpeleka. Lakini aliiweka kalamu mezani, akamshika mama mkono, wakatoka. Njia nzima mama alikuwa akimuuliza kwa huruma huyo mama yake anaendeleaje, na kama yupo mtu wa kumwangalia.