Wigi la Mlevi

Dada yangu Kusumlatha alipotaka kuolewa na Ariyapala Hewage, baba yetu alikataa katakata. Alikuwa amekwenda Galle kuangalia mchezo, akamwona Ariyapala jukwaani anapepesuka na chupa, anagombana na nguzo ya taa, anatumbukia mtaroni. "Mtu halewi vizuri namna ile bila mazoezi," alisema. Tukamweleza kwamba chupani mlikuwa na chai ya rangi, na kwamba Ariyapala hajaonja pombe tangu azaliwe. Baba akatuuliza kama tunamwona yeye mtoto mdogo.

Dada aliolewa hivyo hivyo, na baba akafa akiamini kwamba binti yake ameolewa na mlevi.

Sikujisumbua sana kumtetea shemeji. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ambalangoda, na mtu anayepata riziki kwa kutumbukia mtaroni hanipi raha. Lakini haki yake nampa: nchi hii haijapata mlevi kama yeye. Mchezo ule ulizunguka kisiwa kizima miaka nenda miaka rudi, na kila mtengeneza filamu aliyehitaji mlevi alimwita Ariyapala. Alilewa msibani, alilewa mahakamani, alilewa juu ya mnazi. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa wigi moja la nywele timtimu na masharubu ya kubandika. Sokoni kuna mama aliyekataa kumuuzia samaki mpaka aahidi kuacha kumpiga mkewe. Naye akirudi nyumbani huketi na chai yake na kunililia: "Shemeji, wangenipa hata jaji. Hata daktari wa kutokea mara moja tu. Nataka watu waniheshimu kabla sijafa."

Wakampa mtawa wa Kibudha. Mwigizaji waliyemkusudia aliugua, muda ukawa umebana, na mwongozaji akasema huyu mlevi akinyolewa atakuwa na kichwa kizuri. Ilikuwa tamthilia ya kila Jumapili, na yeye alikuwa mtawa mzee wa hekalu la kijijini anayepatanisha watu. Mambo yakabadilika haraka mno. Kwenye basi alisukumwa mpaka kiti cha mbele kinachowekewa watawa. Mama wa samaki alipomwona tena, aliona haya kuuza viumbe waliouawa mbele ya mtawa, akafunika samaki wake na kupiga magoti barabarani.

"Inuka, mama. Mimi ni Ariyapala, wa hapa nyuma ya posta."

"Najua, Mtukufu. Unyenyekevu wako ndio huo huo."

Asiniambie mtu kwamba hakupenda. Nilimwona alivyoanza kutembea polepole, macho chini, mikono imetulia. Dada alichoka naye. "Anakaa anasubiri nimletee chakula kwa mikono miwili," aliniambia. "Nimemwambia Mtukufu, sufuria iko jikoni, na miguu unayo."

Kisha binti yao, Nilmini, akaposwa. Kwetu kila mtu anajua kwamba mtawa na harusi haviendi pamoja. Mtawa anaitwa penye maiti, penye mgonjwa, penye nyumba mpya. Bibi harusi anayekutana na mtawa njiani anarudi ndani na kuanza safari upya. Kwa hiyo mama wa bwana harusi, Mama Dhanushka, alipokuja na keki mikononi na uso umemshuka, mimi nilishajua kinachomkereketa.

"Sisi na yeye hatuna ugomvi," alisema. "Tatizo ni kichwa chake."

"Kichwa chake kimekukosea nini?" dada akauliza.

"Wageni wangu wote wanaangalia Jumapili. Akipanda pale jukwaani kwa maharusi watamwona mtawa. Mtawa kando ya bibi harusi! Mwanangu anaoa au anazikwa?"

"Kwa hiyo baba asimkabidhi mwanawe?"

"Si mjomba huyu hapa yupo? Kwa desturi ndiye atakayewafunga maharusi uzi vidoleni, basi na kukabidhi akabidhi yeye."

Kuahirisha haikuwezekana, saa ya heri ilikuwa imeshapangwa na mnajimu. Kufuga nywele haikuwezekana pia, tamthilia ilikuwa imepamba moto. Ariyapala aliketi na utulivu wake wa Jumapili, ila keki ile hakuigusa. Nilmini ndiye aliyesema.

"Nilipozaliwa, Baba alikuwa Badulla analewa. Nilipoanza shule alikuwa Kandy analewa. Sijawahi kulalamika. Lakini asiponikabidhi yeye, mimi jukwaani sipandi, na keki hii mnaweza kurudi nayo."

Nikaona harusi inakufa mbele yangu. "Shemeji," nikasema, "wigi si unalo?"

Aliniangalia kama niliyemtukania mama. "La mlevi?"

"Unalo lingine?"

Mama Dhanushka alifikiri kidogo, na uso ukamchanua. "Mlevi hana nuksi," akasema. "Mlevi ni sawa."

Nikamkumbuka marehemu baba, nikauma midomo nisicheke.

Siku ilipofika, ukumbi wa Galle ulijaa mpaka mlangoni. Ngoma zilipigwa, wasichana waliovaa nyeupe wakaimba baraka, na Ariyapala, timtimu na masharubu juu ya suti, akamkabidhi binti yake. Mimi nikafunga uzi vidole vyao vidogo na kumimina maji. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha maharusi wakateremka kuwapigia wazazi magoti na kuwapa majani ya tambuu. Ariyapala aliinama ili amwekee Nilmini mkono kichwani. Alikuwa analia, na kulikuwa na joto kali. Gundi ikaachia, na wigi likaanguka juu ya tambuu.

Vikongwe wa mstari wa mbele, kwa mazoea tu, wakasimama na kuunganisha viganja. Mstari wa pili nao ukasimama, na wa tatu. Ukumbi mzima ukawa wima, vichwa vimeinama, kama tupo matangani. Mama Dhanushka alishika kifua. "Nilisema," alikuwa akinong'ona. "Nilisema mimi." Nilmini bado alikuwa amepiga magoti.

Nilimwona shemeji anautazama ukumbi. Maisha yake yote alikitaka kitu kile kile: ukumbi umejaa, watu wamesimama, mikono imeunganishwa kwa ajili yake. Kilichobaki kilikuwa kushusha macho tu. Nikajisemea, huyu mtu hataiacha heshima hii.

Akachukua chupa kwenye meza ya wajomba wa bwana harusi. "Nani kazima taa?" akafoka.

Akaanza kupepesuka na kile kipara chake. Aligombana na nguzo. Aliiposa taa kubwa ya shaba ya mafuta iliyowashwa kwa ajili ya maharusi, ikamkataa, akailaani pamoja na ukoo wake. Akapiga funda kubwa, na hapo nikaona macho yanamtoka, kwa sababu ile haikuwa chai, ilikuwa araki, pombe kali ya mnazi. Akaimeza. Kisha akaanguka kifudifudi katikati ya wapiga ngoma. Mmoja wao akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Mama Dhanushka alicheka mpaka hereni moja ikadondoka.

Ila simu zilikuwa zinarekodi. Wiki haikuisha kabla nchi nzima haijamwona mtawa wao mpendwa amelewa chakari. Watu waliipigia televisheni wakilia. Ariyapala akafukuzwa, na mtawa ikabidi afe hadithini, amefunikwa shuka, mtu mwingine amelazwa chini yake.

Jumapili ya mazishi yale tulikaa sebuleni kwa dada. Dada alilia. Na mimi, mtu mzima mwenye duka, nililia kwa kwikwi wakati marehemu yupo kando yangu anakoroga chai. Simu ikalia, nikaipokea mimi. Alikuwa Mama Dhanushka, pua imeziba.

"Poleni sana. Tumepoteza mtu mtakatifu."

"Tumeshapoa."

"Na yule baba wa Nilmini, mlevi, hajambo?"

"Hajambo. Anakunywa chai."

"Chai," akasema. "Haya."

Nikamsikia baba yangu mle mle simuni.

Nilmini alikuwa amekuja na mumewe. Mazishi yakiwa bado yanaendelea, alizima televisheni, akatoa majani ya tambuu mkobani, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Siku ile hukufika kuniwekea mkono," alisema.

Ariyapala akaweka kikombe chini na kumwekea mkono kichwani. Nywele zilikuwa zimeanza kumwota, za mvi tupu. Hakujua aseme nini, kwa sababu safari hii hakuna aliyemwandikia maneno.