Zamu ya Sista Chapchap

Jumatatu asubuhi fundi wa vipimo wa hospitali alimfunga Sista Chapchap kifaa cha kuhesabu hatua kwenye kifundo cha mguu, akamwambia asikivue siku saba, hata akioga. Sista alikuwa muuguzi mstaafu wa hospitali hiyohiyo, na jina alipewa na wagonjwa enzi za miguu yake. Sasa ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemkaza viungo. Kila akifika mlangoni nyayo ziligoma kabisa, mpaka binti yake ambembeleze. Daktari alitaka kujua anatembea kiasi gani, ndipo ampangie mazoezi ya viungo.

Wiki ilipokwisha, kompyuta ilionyesha hatua elfu kumi na sita kila siku, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana.

"Mama hajatoka kitini," binti alisema.

"Na kifaa ni kizima," fundi alijibu. "Kesho nitakuja niangalie mwenyewe."

Akaja kwao, ghorofani, jirani na hospitali. Saa moja na dakika mbili Sista alikuwa kitini, kikombe cha chai kikimtetemeka mkononi. Mguu haukusogea. Vishindo vyepesi vya viatu vya mpira vilitoka chini ya kiti, vikavuka mlango bila kusita, vikashuka ngazi. Namba kwenye simu ya fundi zikaanza kupanda.

"Leo nimechelewa kidogo," Sista alisema.

Fundi alivifuata hadi wodi ya wanawake. Vitanda arobaini, muuguzi mmoja. Vishindo vilisimama kitanda kwa kitanda, na viliposimama shuka ilivutwa hadi mabegani, mto ukageuzwa, dripu iliyokaribia kwisha ikafungwa. Bibi mmoja ambaye maumivu yalimnyima usingizi siku tatu alifumba macho, akaanza kukoroma. Fundi alijikuta amevua kofia. Miaka sita alikuwa akisoma michoro ya mwendo wa watu, lakini hakuwahi kusikia hatua zinazojua ni nani anayezingoja.

"Sista kashafika?" muuguzi aliuliza bila kuinua kichwa. "Mwambie wa kumi na tisa hajageuzwa."

Daktari aliisoma ripoti mara mbili. "Mama huyu ananishinda hata mimi," alisema, akalikata jina lake kwenye orodha ya mazoezi.

"Lakini daktari, chooni tu hafiki peke yake," binti alisema.

"Kifaa kinasema anafika. Na wanaosubiri ni wengi."

Fundi akaeleza aliyoyaona. Daktari hakubisha, yeye mwenyewe alivisikia vishindo hivyo kila akipita wodini. Ila fomu haikuwa na sehemu ya kuandika jambo hilo. Matroni naye alimpanga Sista zamu ya asubuhi, siku zote saba, akaondoa ombi la muuguzi wa pili.

Saa nane mchana vishindo vilirudi, vizito. Binti alizikuta nyayo za mama yake zimevimba, akazikanda.

"Mama, si uwaambie umestaafu?"

"Nishawaambia. Tatizo ni miguu, haisikii." Uso wake, ambao ugonjwa ulikuwa umeukausha, ukafunguka taratibu. "Yule wa kitanda cha tatu leo kaketi mwenyewe. Mwenyewe, mwanangu! Haya, nishike, nimebanwa."

Kutoka kitini hadi chooni zilikuwa hatua kumi na moja. Ziliwachukua robo saa.